Ufa kwenye fremu ya baiskeli: mambo ya kujua kabla ya kuchomelea na kupaka rangi

Fremu ya chuma haikatiki ghafla. Ukisikia mtu anasema baiskeli imemkatikia njiani akiwa na mzigo, ujue fremu hiyo ilikuwa inakatika kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na pengine ilikuwa inatoa sauti ambayo hakuna aliyeijali. Ndiyo maana swali tunaloletewa mara nyingi na wasikilizaji, kwamba ufa wa fremu unatengenezwa vipi na rangi gani ipakwe juu yake, lina jibu refu kidogo. Rangi ni kazi ya mwisho. Ikitangulia inaficha ugonjwa.

Tunazungumzia hapa baiskeli ile nzito ya chuma ambayo vijijini ndiyo punda wetu: inabeba maji, mkaa, maziwa, matofali, mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Sehemu nyingine ya kipato cha nyumba inapita juu ya mabomba hayo machache. Umbo lake halijabadilika sana tangu miaka ya 1890, na mafundi wetu wanalijua kwa mikono. Tatizo halipo kwenye ufundi wao. Mara nyingi lipo kwenye haraka ya mwenye baiskeli, anayesimama pembeni akisema gusa tu hapo niondoke.

Chuma kinachoka vipi

Chukua waya wa kufungia, ukunje na kuukunjua pale pale mara nyingi. Mwisho unakatika, ingawa hakuna mara hata moja uliyotumia nguvu kubwa. Fremu nayo iko hivyo. Kila unapopita shimo inajikunja kiasi kidogo ambacho jicho halioni, kisha inarudi. Madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji yana uzito wa kilo 80, na yote yanakaa nyuma, mengine yamening'inia hata kupita ekseli ya gurudumu. Ongeza wewe mwendeshaji. Ongeza barabara yenye makorongo. Baada ya miezi na miaka, mahali penye udhaifu panaanza kufunguka.

Udhaifu huo hauko katikati ya bomba. Uko kwenye viungo, kwenye matundu ya bolti, na pembeni ya mshono wowote wa kuchomelea. Kwa hiyo ukitafuta ufa, anzia pale mabomba mawili membamba ya nyuma yanapoungana na bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya pedeli, hasa upande wa mnyororo. Kisha tazama pale siti inapobanwa. Mtu mrefu aliyevuta nguzo ya siti juu kupita kiasi anaipasua fremu hapo bila kujua, kwa sababu nguzo imebaki imeshikwa kwa sehemu fupi na inafanya kazi kama mtaimbo. Halafu tazama mahali ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa na pale keria inapofungwa. Bolti ya keria iliyolegea inakula fremu kuliko mzigo wenyewe, maana mzigo unakuwa unapiga nyundo.

Mwisho nenda mbele, chini ya bomba kubwa linaloshuka kutoka kwenye usukani. Hapo ukiona rangi imejikunja kama ngozi ya mzee, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu. Mkunjo huo ni wa hatari kuliko ufa mwembamba wa nyuma, na tutaeleza sababu.

Namna ya kuuona ufa usioonekana

Dalili ya kwanza ni mstari mwembamba wa kutu unaopenya kwenye rangi. Ya pili ni mlio wa "kii, kii" unaokuja kila unapokanyaga pedeli upande mmoja. Ya tatu ni baiskeli kuyumba nyuma kama ng'ombe mwenye maziwa mengi, ingawa gurudumu limenyooka na gololi hazijalegea.

Kama una shaka, kuna kipimo cha bei ndogo. Osha sehemu hiyo kwa sabuni, ikauke. Paka mafuta ya taa, acha dakika 20 au zaidi yaingie ndani. Futa kwa kitambaa kikavu mpaka juu kusibaki unyevu wowote, kisha saga chaki nyeupe na uipake kama poda. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mwambie mwenzako akanyage pedeli huku baiskeli imeshikwa breki. Mstari utajitokeza haraka zaidi. Weka alama mwanzo na mwisho wake. Mwisho wa ufa ndio wenye maana, na kwa kawaida uko mbele ya pale jicho lilipodhani.

Fanya kipimo hiki mbali na moto, na sehemu hiyo ioshwe tena kabla ya kwenda kwa fundi.

Baiskeli ambayo hatushauri uitengeneze

Foki ya mbele ikiwa na ufa, nunua nyingine. Usiichomelee, wala usimsikilize anayekuambia ataitia nondo. Fremu ikikatika nyuma, baiskeli inalala na wewe unashuka. Foki ikikatika unaanguka kwa uso, na kama umembeba mtoto mbele, yeye ndiye anayefika chini wa kwanza. Foki inafunguliwa na kubadilishwa peke yake, na sokoni zipo mpya na zilizotumika. Hali ni hiyo hiyo kwa ufa unaozunguka bomba fupi la usukani, na kwa mkunjo ule wa chini ya bomba la mbele tulioutaja.

Pili, hakikisha fremu ni ya chuma kweli. Baiskeli za mitumba zinazoingia kutoka nje nyingine ni za alumini, nazo zinahitaji mashine na ufundi ambao vijiwe vyetu vingi havina. Kipimo ni sumaku tu, hata ile ya spika iliyokufa. Ikinata, ni chuma. Isiponata, usimruhusu mtu aisogeze kwenye moto.

Tatu, piga hesabu. Kama viungo viwili au vitatu vimepasuka kwa pamoja, au ukibonyeza bomba kwa bisibisi linaingia kwa sababu kutu imelila kwa ndani, fremu hiyo imemaliza kazi. Uliza kwanza bei ya fremu iliyotumika lakini nzima. Matengenezo yakizidi nusu ya bei hiyo, sisi tungenunua fremu na kuhamishia vifaa vyote humo.

Kwa nini kuchomelea kwa umeme hushindwa mara nyingi

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha mara mbili. Ukitazama viungo vya baiskeli hizi kubwa utaona bomba limeingia ndani ya kishikizo cha chuma, kama bomba la maji linavyoingia kwenye soketi. Kiwandani, mabomba hayo hayakuyeyushwa. Yaliunganishwa kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa ikapenya kwenye nafasi nyembamba kati ya bomba na kishikizo. Shaba hiyo inayeyuka kwenye joto la nyuzi 900 hivi. Chuma chenyewe kinahitaji kama 1,500.

Sasa fundi akileta mashine ya umeme juu ya kiungo hicho, moto wake mkali unachanganya shaba na chuma. Mshono unajaa vitundu kama mkate, unaonekana mnene na mzuri, na baada ya wiki tatu unapasuka pembeni yake. Isitoshe, ukuta wa bomba la baiskeli una unene wa milimita 1 hadi 2 tu. Umeme uliozoea kuchomelea mageti na madirisha unalitoboa.

Kwa hiyo kwa ufa ulio kwenye kiungo, mtafute fundi wa gesi anayelehemu kwa shaba. Mara nyingi yuko mjini, kwenye gereji za magari. Nauli ya kumfikia ni sehemu ya gharama, na kwa maoni yetu inalipa. Kwa ufa ulio mbali na kiungo, ambapo hakuna shaba, umeme unaweza kutumika endapo fundi atachukua vijiti vyembamba vya geji 12, yaani milimita 2.5, atashusha nguvu ya mashine, na atakwenda nukta kwa nukta akiacha chuma kipoe katikati, badala ya kuvuta mshono mmoja mrefu.

Kazi yenyewe

Baiskeli ivuliwe: magurudumu, mnyororo, siti, na gololi za ekseli ya pedeli kama ufa uko karibu nazo. Girisi ikiachwa itaungua na moshi wake utaharibu mshono, na gololi zilizopata joto kali hazitadumu. Rangi ikwanguliwe kiasi cha upana wa kiganja kila upande wa ufa mpaka chuma king'ae. Tumia msasa na maji, si msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Usikwangue mahali kuku na watoto wanapocheza, na maji hayo machafu yafukiwe mbali na kisima.

Kabla ya moto, fundi atoboe tundu dogo la milimita 2 au 3 mwisho wa ufa, pale ulipoweka alama. Ufa ni kama mpasuko wa kitambaa: ncha yake kali ndiyo inayosukuma mbele. Tundu la duara linaondoa ile ncha. Likishatobolewa, mdomo wa ufa uchongwe kwa tupa ili kiunganishi kiingie ndani, kisikae juu kama nta.

Kisha fremu ipimwe kama imenyooka, kwa sababu ikishalehemiwa ikiwa imepinda itabaki hivyo. Huhitaji mashine. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kulia, upeleke mbele uzunguke bomba la usukani, urudishe nyuma uufunge upande wa kushoto. Uvute ukaze. Sasa pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Nafasi zikilingana, fremu imenyooka. Zikitofautiana kwa milimita kadhaa, nyuma imehama, na inyooshwe kwanza.

Kwa kulehemu, fundi hutumia boraksi, ule unga mweupe unaotumiwa pia na masonara na wachenjuaji wa dhahabu. Kazi yake ni kukisafisha chuma kilichopata moto ili shaba ishike. Tazama rangi ya chuma: kinapasha mpaka wekundu unaoelekea machungwa, boraksi inayeyuka kama kioo, na fimbo ya shaba ikiguswa hapo inakimbia yenyewe na kuingia kwenye ufa. Kama shaba inajikusanya kama tone la maji juu ya jani la mgomba, basi chuma hakijapata joto la kutosha au hakikusafishwa. Na kama unatoka moshi mweupe mwingi, joto limezidi na zinki iliyomo kwenye shaba inaungua. Moshi huo ni sumu. Jioni yake fundi anaweza kutetemeka na kupata homa inayofanana na malaria. Kazi ifanyike nje, upepo ukiwa unatokea mgongoni.

Ufa mrefu hautoshi kujazwa tu. Unahitaji kiraka: kipande cha bomba la chuma lenye unene unaokaribiana, kilichopasuliwa kwa urefu kikakumbatia bomba la fremu. Ncha za kiraka zichongwe ziwe kama ncha ya jani, zisikatwe mraba. Ukingo uliokatwa mraba unakusanya nguvu yote kwenye mstari mmoja, na ufa mpya unaanzia hapo hapo. Kiraka kisitoke kwenye bomba la maji lililopakwa zinki, kwa sababu ya ule moshi tuliousema.

Baada ya moto, kiungo kipoe chenyewe. Kummwagia maji ili mteja aondoke haraka ni kuuvunja mshono kabla haujatumika.

Tuseme neno kuhusu nondo. Vijiwe vingi vya waendesha baiskeli za abiria na wabeba mkaa huongeza nondo au bomba la pili chini ya lile la juu, na keria hutiwa miguu ya ziada. Hatupingi. Baiskeli za kazi nzito zinahitaji nguvu hiyo, na kiwanda hakikuwafikiria wabeba magunia. Ila kila mahali nondo inapochomelewa ni mwanzo mpya wa ufa. Ni afadhali ifungwe kwa vibanio na bolti, na kipande cha mpira wa tairi kikae katikati. Kama ni lazima kuchomelea, mshono uende kwa urefu wa bomba, usilizunguke kama pete.

Sasa rangi

Boraksi ikipoa inabaki juu ya chuma kama gamba la kioo. Ukipaka rangi juu yake, itavuta unyevu na kubanduka mvua za kwanza. Weka kitambaa kilicholowa maji ya moto juu ya mshono, ukibadilishe mara kadhaa kwa nusu saa, gamba litalainika. Lisugue kwa brashi ya waya.

Kama utapaka fremu nzima, si lazima kuondoa rangi yote ya zamani. Iliyoshika vizuri iachwe, isuguliwe tu kwa msasa wa namba 240 ipoteze mng'ao. Yenye kutu ikwanguliwe mpaka chuma. Osha kwa sabuni, anika juani, kisha futa kwa kitambaa chenye tina. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu, kwa maana mafuta ya vidole yanatosha kuizuia rangi isishike.

Rangi ya kwanza ni ile ya kuzuia kutu, ambayo madukani wengi wanaijua kwa wekundu wake wa udongo. Ipakwe siku hiyo hiyo, kwani chuma kitupu kikilala usiku mmoja wa umande kinaanza kutu usiyoiona. Paka mikono miwili myembamba, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Kisha rangi ya mafuta, mikono miwili au mitatu, nayo myembamba. Rangi nene inateleza na kufanya machozi, juu inakauka na ndani inabaki laini kama ugali mbichi. Kopo la kupuliza linarahisisha kona, lakini brashi nzuri na rangi iliyochujwa kwa kitambaa cha soksi hufanya kazi vizuri tu. Chagua asubuhi kavu isiyo na upepo wa vumbi.

Kabla ya kupaka, ziba kwa karatasi nyuzi za bolti, mdomo wa bomba la siti na vikombe vya gololi. Na tafuta namba ya fremu, iliyogongwa mara nyingi chini ya ekseli ya pedeli au karibu na siti. Usiisage wala usiijaze rangi nzito. Ipige picha kwa simu yako pamoja na baiskeli nzima. Baiskeli iliyobadilishwa rangi bila namba inayosomeka ni vigumu kuitetea polisi kuwa ni yako.

Rangi ikikauka, mimina vijiko viwili vya mafuta safi ya injini kupitia bomba la siti, geuza fremu huku na huku, kisha yaache yachuruzike. Mabomba mengi huoza kwa ndani, hasa kwa wanaovuka mito.

Ipe fremu kama wiki moja kabla ya kufunga kamba na mizigo juu ya rangi. Ikiwezekana gusa nyuma kwa rangi nyeupe au njano, au bandika utepe unaong'aa. Dereva wa lori usiku haoni baiskeli nyeusi.

Ukinunua baiskeli iliyopakwa upya

Rangi mpya kwenye baiskeli kuukuu siyo kosa, lakini ina haki ya kuulizwa. Pitisha ukucha kwenye viungo vyote. Ukisikia uvimbe chini ya rangi laini, kuna mshono. Muulize muuzaji nini kilitokea, na omba kufanya kile kipimo cha uzi. Akikataa uzi wa dakika mbili, ondoka.

Na kwa iliyo yako, wiki ya kwanza beba nusu ya mzigo wa kawaida. Mzigo ukae chini na mbele ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana, na bolti za keria zikazwe kila siku ya gulio. Baada ya wiki hiyo, rudia mafuta ya taa na chaki juu ya mshono. Ikitoka safi, ongeza mzigo taratibu. Mstari mweusi ukitokea tena mahali pale pale, usilipie kuchomelewa mara ya tatu. Hamishia magurudumu kwenye fremu nyingine.